Michubuko ya Golikipa

Juzi nilikuwa kwenye zahanati moja Kisarawe, nikisubiri kupimwa presha barazani. Mbele yangu aliitwa binti mrefu aliyekuja na mumewe. Alipokunja mikono ya blauzi, muuguzi alishtuka. Ngozi ilikuwa imevilia damu kuanzia viganjani hadi mabegani.

"Baba, wewe sogea kule," muuguzi alimfokea mume. Kisha akamuuliza binti kwa upole: "Mwanangu, nani anakupiga? Usiogope."

Binti akacheka. "Sipigwi, mama. Mimi ni golikipa wa mpira wa mikono, ligi kuu ya wanawake. Jana tulicheza Kibaha. Wanaurusha mpira kwa nguvu kutoka karibu, nami nauzuia kwa mwili."

Muuguzi hakuamini mpaka alipoonyeshwa video kwenye simu. Benchi zima tukaangua kicheko, na mume akapewa pole kwa kushukiwa bure.

Mama mmoja aliyekaa kando yangu, amejifunika kanga hadi kidevuni na joto lote lile, hakucheka. Alimwambia binti taratibu, "Una bahati, mdogo wangu. Wewe unapigwa refa akiwepo."

Kicheko kilikatika. Muuguzi akaja, akamshika mama yule mkono, akaingia naye ndani na kufunga mlango.

Sisi wanaume tukatazamana. Asiye na kosa alisogezwa kando papo hapo. Mwenye kosa simjui, na huenda asubuhi ile tulisalimiana.