Aliyenifundisha Wagiriki Jikoni Aziziya

Jumamosi iliyopita, saa kumi na dakika kumi jioni, simu ya mama ililia nikiwa namenya vitunguu, na aliyepiga hakusalimu. Alikuwa mama mmoja Mkenya mwenzetu, anayefanya kazi za ndani katika nyumba inayotazamana na jengo letu hapa Aziziya, Jeddah. "Sista, ametuacha," alisema. Mama ni muuguzi, kwa hiyo wengi humwita sista. Aliyetuacha ni rafiki wa karibu wa huyo aliyepiga, Anti wetu wa ghorofa ya tatu, ambaye mabosi wake walimchukua Riyadh kwa wiki mbili tu amhudumie bibi yao mgonjwa. Alianguka asubuhi ile akipiga pasi, na hospitali haikuweza kumwokoa. Mwili ungebaki Riyadh mpaka kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, amalize karatasi. Mimi niliendelea kumenya vitunguu mpaka vikaisha, hata vile ambavyo hatukuvihitaji.

Wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba mimi huandika kwa sababu kusema kunanishinda. Nikiulizwa swali darasani, masikio hunipata moto na jibu ninalolijua hutoroka. Anti ndiye mtu mzima wa kwanza niliyeweza kubishana naye, na tulibishana juu ya Wagiriki wa kale. Kabla ya kuja huku alifundisha historia katika shule moja ya sekondari upande wa Bungoma, kwa mkataba uliokuwa ukiongezwa muhula kwa muhula hadi siku moja haukuongezwa. Kila Ijumaa mchana, mabosi wake wakienda kula kwa jamaa zao, alishuka kwetu. Kukaa bure hakukujua. Alifundisha akiwa amesimama kwenye sinki letu, akiosha upya vyombo nilivyokwisha kuviosha. "Hivi ni safi kwa macho yako," aliniambia. "Sogea."

Somo la kwanza lilikuwa vita vya Salami. Alijaza maji sinki, akasimamisha sinia mbili zikaacha njia nyembamba katikati, akatia vifuniko vya chupa. Vingi vikawa merikebu za mfalme wa Uajemi, vichache vikawa za Wagiriki. Akanieleza jinsi Themistokle, jemadari wa Athene, alivyomtuma mtu kwa siri awaambie Waajemi kwamba Wagiriki wanataka kukimbia, ili adui aingie haraka pale penye njia finyu. Waliingia. Akavisukuma vifuniko kwa kiganja, vikagongana, vikapandana, vikajaa maji. Nilisimama pale mdomo wazi kama nimeona mwujiza. Kisha akaniuliza, "Unajua aliyetumwa alikuwa nani? Mtumishi wa nyumbani. Alikuwa akiwafundisha watoto wa Themistokle. Mfalme mzima, na merikebu zote zile, aliyumbishwa na maneno ya mtumishi wa nyumba." Hakucheka aliposema hivyo. Rafiki yake, yule yule wa nyumba ya mkabala, ndiye aliyechungulia mlangoni akasema, "Mwalimu wa sinki, vita havijaisha? Yalla, madam wako anakaribia kurudi." Anti akamjibu bila kugeuka, "Ngoja kidogo, Waajemi bado wanazama."

Nikikumbuka sasa, kinachonishangaza si kwamba alijua mengi. Ni kwamba katika jengo letu lenye ghorofa nne hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini. Walimuuliza kama anajua kupika wali wa kabsa, kama anajua kulea mtoto mchanga, kama ikama yake, kibali cha kukaa, imekwisha. Hata mimi sikumuuliza. Mambo yale yalimtoka tu, siku aliyokiona kitabu changu cha historia mezani na kusema picha yake ya merikebu ya Wagiriki imekosewa. Tangu siku hiyo, nikipishana kwenye ngazi na mwanamke yeyote aliyebeba ndoo, huwa najiuliza amebeba na nini kingine.

Jumamosi hiyo ya msiba, kabla ya magharibi, rafiki yake alikuwa ameruhusiwa kuja kwetu kwa saa moja. Tukiwa sebuleni, mama akapokea ujumbe kutoka kwa binti wa marehemu, msichana wa rika langu aliyebaki nyumbani na nyanya yake. Mama akausoma kwa sauti: "Pole kwa kukusumbua. Naandika wasifu wa mama utakaosomwa siku ya mazishi. Alikuwa akifundisha shule gani hapo Jeddah, na somo gani?" Ndipo nilipoelewa. Anti hakuwahi kuwaambia nyumbani kwamba anafanya kazi za ndani.

"Andika shule yoyote," rafiki yake alisema. "Nani atakuja kukagua? Halas, yaishe."

"Lakini si kweli," nilisema. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ila ilitoka.

"Kumbe unaongea. Sasa unataka mwenzangu aaibishwe mbele ya kijiji kizima, akiwa ndani ya jeneza?"

Mama alinisukumia simu. "Aliyeuliza ni mtoto. Ajibiwe na mtoto mwenzake."

Sikujibu jioni hiyo. Nililifikiria somo letu la mwisho. Majemadari wa Athene walishinda vita vikubwa baharini, lakini dhoruba ikawazuia kuwaokoa wenzao waliokuwa wakizama na kuiokota miili ya wafu. Waliporudi wakashtakiwa. Umati ulitaka wote wahukumiwe kwa kura moja, ingawa sheria ilimpa kila mtu haki ya kusikilizwa peke yake. Sokrate, yule mwanafalsafa, alikuwa mmoja wa wasimamizi wa kikao siku hiyo. Wenzake walitishwa wakakubali; yeye akakataa. Majemadari sita wakauawa, na baadaye mji ukajuta. Nilimuuliza Anti, "Kwa hiyo alishinda?" Akasema, "Hapana. Alikataa tu. Kuna siku kazi iliyobaki ni hiyo peke yake." Nikaona kwamba jina la shule ya uongo lingemfuta kabisa mwanamke yule niliyemjua, na ukweli nusu ungemfuta nusu.

Asubuhi ya Jumapili, ambayo huku ni siku ya kwanza ya wiki ya shule, nikiwa nimeshavaa sare, nilimpigia binti yake. Sikuandika ujumbe, nilipiga. Nilimwambia kwamba mama yake aliosha sakafu, alipiga pasi, alimlea mtoto wa watu, na kila Ijumaa alifundisha.

Akauliza, "Alimfundisha nani?"

"Mimi."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu. Historia ya Wagiriki wa kale."

Nilimsikia akipenga kamasi, kisha karatasi ikifunuliwa. "Nitayaandika yote mawili," alisema. "Lakini nieleze kidogo hao Wagiriki, nisije nikakosea mbele ya watu."

Nikaanza na vita vya Marathoni, Waajemi wakishuka ufukweni na Waathene wakiwavamia mbio. Basi la shule lilipiga honi chini, likapiga tena, likaondoka. Sikukata simu.