Neno Ambalo Kepha Hakulimaliza

Nilianza safari ile asubuhi, mwanangu, bila kujua kama ni safari. Niliamka Nyanchwa katika nyumba ya shangazi yangu, nikavaa viatu, nikatoka. Barabarani nilisimama nikatazama juu kanisani, nikatazama chini mjini Kisii, nikaona upande wa magharibi mbingu ni nyeupe, basi nikashika njia ya huko. Ndivyo nilivyoishi ujanani. Shule niliiacha darasa la saba kwa sababu nilichoka kukaa mahali pamoja nikiambiwa mambo yalivyo kwingine. Nilitaka kwenda nikayaone mwenyewe.

Ninakueleza haya kwa sababu ya jana. Nilikuona umeketi kwenye benchi la duka ukicheza poka, ule mchezo wa karata, kwenye simu, mashindano ya watu usiowajua hata sura. Ulipotolewa uliitupa simu kando ukasema, "Mjinga kama huyu anashindaje?" Swali hilo nililisikia kabla hujazaliwa. Nililisikia Suneka, na kwa ajili yake mama wa watoto wawili hakuzikwa kwake.

Kaa, chai haijapoa.

Nilifika Suneka jua likiwa limepanda. Ilikuwa Jumapili, na wewe unajua watu wetu wengi ni Wasabato, Jumapili wanafanya kazi, kwa hiyo soko lilikuwa na pilikapilika zake. Nje ya karakana ya seremala mmoja niliona mtamba mweusi mwenye doa jeupe kifuani, amefungwa kwenye nguzo, na wanaume wamemzunguka wakimtazama kwa heshima. Mimi jambo nisilolielewa halinipiti.

"Anauzwa?" niliuliza.

"Hauzwi," mmoja akajibu. "Anachezewa."

Wakacheka wote. Kisha mwenye karakana akatoka, mzee mfupi mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Aliitwa Mzee Ombati. Hakunisalimia kwanza, aliniuliza mimi ni wa nani, mama yangu ametoka wapi, na kama dada yangu yeyote ameolewa upande huo. Nilipomaliza kujibu aliwageukia wenzake.

"Huyu hana mtu hapa. Mpeni maji anawe mikono."

Ilikuwa sheria yake. Mzee Ombati alikuwa amefanya useremala katika hoteli moja ya Mombasa, na huko alijifunza poka kwa kuwatazama wageni. Aliporudi aliwafundisha watu wa Suneka, lakini aliona mara moja kwamba mchezo ule kwetu ungeleta vita, maana mgawaji akiwa binamu wa mchezaji mmoja, kila karata nzuri ingeitwa ya ukoo. Kwa hiyo aliamua karata zigawiwe na mpita njia, mtu asiye na ndugu wala shemeji mezani. Malipo yake ni kula ashibe. Nilikaribishwa ugali na chinsaga, ile mboga yetu chungu, nikala, nikakalishwa katikati ya meza ndefu ya kupigia randa.

Hawakucheza kwa pesa. Kila mchezaji alikuwa amechanga, wakanunua mtamba yule, na mezani walitumia vipande vya mawe ya sabuni, yale mabaki yanayoanguka wachongaji wakichonga vinyago, wakavisugua hadi vikawa duara. Wote walianza na mawe sawa. Mawe yakikuishia unaondoka. Atakayebaki peke yake anaondoka na ng'ombe.

Watu walikaa wengi, lakini wa kukumbuka ni wawili. Wa kwanza aliitwa Nyakundi, mwanamume mtulivu aliyekuwa amenyoa nywele zote. Nilidhani ni mtindo. Aliyeketi karibu nami akaninong'oneza kwamba mkewe, Kwamboka, alikuwa amelala mochari. Alifariki ghafla, na Nyakundi alikuwa hajamlipia mahari hata mguu wa ng'ombe. Unaijua mila yetu. Wakwe walikuwa wamesema wazi: leteni japo mtamba mmoja, tujue binti yetu alikuwa mke wa mtu, ndipo mumzike kwenu. La sivyo tutamchukua. Kile alichochanga Nyakundi kuingia mezani kilikuwa cha mwisho alichokuwa nacho.

Usimcheke. Mtu aliyebanwa hivyo huingia mlango wowote ulio wazi.

Na alicheza vizuri! Umewahi kumtazama mchumaji hodari wa chai shambani? Anachuma majani mawili na kichipukizi, mengine yote anayapita kana kwamba hayapo. Nyakundi alicheza namna hiyo. Karata mbaya aliziweka chini bila huzuni. Nzuri zikija, alisukuma mawe yake polepole, na ndugu yake mdogo, Ongeri, aliyesimama nyuma yake, alikuwa akishusha pumzi kila mara.

Wa pili aliitwa Kepha. Alikuwa kijana wa bodaboda, koti la ngozi, kicheko kisichoisha. Yeye alisukuma mawe yake yote wakati wowote alipojisikia, mara nyingine bila kufunua karata alizopewa.

"Kepha, tazama kwanza!" watu walimwambia.

"Nitazame nini? Si ni mawe tu!"

Na akawa anashinda. Alishinda na karata za aibu, mwanangu. Aliwatoa watu waliojua mchezo, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetoka alimtazama kama mtu aliyekanyagwa na punda. Mimi niliyekuwa nagawa nilianza kuiogopa mikono yangu.

Alasiri wakabaki wawili, Nyakundi na Kepha, na lundo la Kepha lilikuwa kubwa kidogo. Nje mtamba alilia. Niligawa karata mbili mbili. Kepha hakuzigusa.

"Zote," akasema, akasukuma mawe kwa mkono mzima kama anayefagia makombo.

Nyakundi aliinua pembe za karata zake. "Nimekubali," akasema, akazilaza wazi mezani. Wafalme wawili. Karakana ikanguruma. Kepha naye akafunua zake, ndipo akaziona pamoja na sisi: saba na mbili, jozi ambayo mchezaji yeyote huitupa.

Sasa zilibaki karata tano za kufunuliwa katikati, ambazo wote wawili wanazitumia. Nilifunua tatu: tisa, nne, saba. Kepha sasa ana saba mbili, bado wafalme wako juu. Nikafunua ya nne, malkia, haimsaidii mtu. Ongeri alikuwa ameshamshika kaka yake mabega. Nikafunua ya mwisho.

Saba.

Saba tatu zinawashinda wafalme wawili. Nilisikia kuku akiparura maranda chini ya meza.

Lililofuata ndilo ninalotaka ulisikie. Kepha hakucheka. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulikuwa mtupu. Alisimama, akamtazama Nyakundi, akatazama mlangoni alipofungwa ng'ombe. Akasema, "Nyakundi, ndugu yangu, pole. Hebu ngoja. Huyu ng'ombe..."

Ongeri alimkata.

"Ng'ombe nini? Mjinga kama wewe unashindaje? Saba na mbili! Hata hukutazama! Mtu mwenye akili anakaa siku nzima anacheza, wewe unatupa tu kama mlevi!"

"Ongeri, ninasema..."

"Unasema nini? Mama yako alikuzaa amelewa, ndiyo sababu!"

Mzee Ombati alipiga meza kwa kiganja. "Nyakundi! Mnyamazishe ndugu yako."

Wote tukamgeukia Nyakundi. Alikuwa bado anawatazama wafalme wake. Angeweza kusema neno moja tu, "Basi," na Ongeri angenyamaza, kwa kuwa alimheshimu. Alinyanyua kichwa akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Mwache aseme. Anasema kweli."

Nimeona watu wakipigwa rungu, mwanangu, wasibadilike uso kama Kepha alivyobadilika. Mama yake alikuwa amekufa, hilo nililijua baadaye. Alifunga zipu ya koti, akatoka, akafungua kamba. Ndani hakuna aliyemzuia. Alikuwa ameshinda kihalali.

Mzee Ombati aliketi karibu na Nyakundi. Alizungumza bila hasira, akimwita tata, yaani baba, kwa heshima, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Tata, umecheza leo kuliko sisi sote. Na ungeshindwa hivyo hivyo, ukainuka ukampa mkono, ungetoka hapa na kitu. Yule kijana hakucheza, aliokota. Mtu aliyeokota kitu huwa anaangalia kama mwenyewe yupo. Alikuwa anakuangalia wewe. Umemwambia nini?"

Nyakundi alianza kuyapanga mawe, moja juu ya jingine, mawe ambayo hayakuwa yake tena.

Mimi niliondoka. Kazi yangu ilikwisha, na sikuweza kukaa na mikono ile mbele ya yule mtu. Mbele kidogo barabarani nilimkuta Kepha akimvuta mtamba, naye mtamba amekwama kwenye majani ya kando. Pikipiki alikuwa ameiacha kwa rafiki. Tulitembea pamoja hadi nikashindwa kujizuia.

"Ulitaka kusema nini pale ndani?"

Alivuta kamba. "Nilitaka kusema amchukue." Akatembea hatua chache. "Au labda nilitaka kusema pole tu, halafu niondoke naye. Sijui. Neno lilikuwa bado linakuja. Sasa sitajua tena."

"Bado unaweza kurudi."

"Kwa wale waliomtukana mama yangu? Rudi wewe."

Nilimtazama mpaka akapotea kwenye kona. Alimuuza mtamba wiki ile ile. Na ushindi ule haukumfaa hata yeye, maana ulimfundisha vibaya. Aliamini kwamba kutotazama ndiyo njia. Watu wa Suneka waliniambia baadaye kwamba aliendelea kucheza vile vile kwenye meza nyingine, za watu wakali wasiocheza kwa mawe, hadi pikipiki ikaenda, na koti, na yeye mwenyewe akahama usiku bila kuaga.

Na Kwamboka? Wakwe walikuja na gari wakamchukua. Kwao pia binti aliyekwisha kuolewa hazikwi katikati ya boma, kwa hiyo wakamchimbia nje ya ua, karibu na njia ya ng'ombe. Watoto wake walikua wakisema mama yetu yuko kule, wakionyesha kwa kidole boma la watu wengine.

Siku ile lakini sikuyajua hayo. Nilirudi mjini Kisii, nikapata lori lililokuwa limeshusha ndizi na linarudi tupu upande wa Nyamira. Dereva aliniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia mwisho wa gari. Mwisho wa gari ulikuwa Ekerenyo. Nilikuwa sijawahi kufika huku. Niliteremka hapa sokoni mvua ikianza, nikauliza nani ana mahali pa kulaza mgeni, nikaelekezwa kwa mong'ina, bibi kizee mmoja mjane, mama yule aliyekuwa na nyumba pale juu palipo na shule sasa. Aliitwa Moraa. Alinipa chumba nyuma ya jiko, chenye magunia ya kuchumia chai na kitanda cha kamba, akaniletea uji.

Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamweleza kila kitu, na nilieleza kama kijana: wafalme wawili, saba ya mwisho, ile bahati ya kuchukiza. Nilieleza karata zote kwa mpangilio. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono imekishika kibuyu cha uji.

"Na yule mama," akasema, "watamzika wapi?"

Nilikuwa nimekumbuka karata, nimemsahau maiti. Nilibaki na bakuli mkononi, mvua inapiga bati, naye akaondoka akanifungia mlango taratibu.

Sasa nikuambie wazi, kwa sababu nimezeeka na sipendi kuzunguka. Utacheza vizuri na utashindwa na mtu asiyetazama hata karata zake. Si poka tu. Ni shamba, ni kazi, ni ndoa. Itauma, na utakuwa na haki ya kuumia. Lakini haki hiyo usiipe mdomo wako. Karata ya mwisho ilimnyang'anya Nyakundi ng'ombe mara moja. Maneno manne aliyosema mwenyewe yalimnyang'anya mara ya pili, na mara ya pili ndiyo iliyomzika mkewe nje ya ua. Ukishindwa na mwenye bahati, nyamaza umwache amalize kusema. Ukiwa na ndugu nyuma yako anayetukana kwa niaba yako, mzuie, hata kama anasema unayoyawaza. Na siku wewe ndiye uliyeokota, usijidanganye kwamba umecheza. Tazama upesi kama mwenyewe yupo, kabla hujakasirishwa.

Haya, okota simu yako. Mungu akupe mikono mitulivu unapopoteza na macho wazi unapopata. Akupe mlango wa kufunguliwa kila mvua itakapokukuta ugenini, na wako watakaokufa wawe na mahali pa kulala.