Mama Luciana wa Mtinko na Vibuyu vya Stakabadhi

Je, ndugu msikilizaji, umewahi kumwona mtu mwenye haki yake akashindwa kufungua kinywa aidai? Watu wa namna hiyo ndio Mama Luciana wa Mtinko aliowatumikia mpaka kufa. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, lakini waumini wa kule humtaja katika sala zao, nasi tunayasimulia maisha yake kama tulivyoyapokea.

Alizaliwa mwaka 1906, kaskazini ya Singida, mwaka ambao mtama ulikauka ukiwa kimo cha goti. Akiwa bado msichana aliolewa na Yohana, mwana wa Antipasi mchimba visima, na baba huyo alikuwa mtu wa nguvu aliyesifika kwamba alimvuta ng'ombe kutoka shimoni peke yake. Wote watatu walibatizwa Pasaka ya mwaka 1926. Miaka mitatu baadaye mvua ilivuja katika tembe yao, ikaifanya stakabadhi ya kodi ya Yohana kuwa kama uji. Karani wa kodi alipopita akasema, "Karatasi hakuna, basi hujalipa." Naye Yohana alikuwa amelipa. Walimpeleka kuchonga barabara upande wa Sekenke badala ya kodi, akashikwa na kuhara damu, akafa huko huko. Kilichorudi nyumbani ni shuka lake.

Matanga yalipokwisha, Luciana alikwenda misheni kuomba afundishwe kusoma. Miaka miwili alikaa na watoto, mtu mzima, magoti yakigonga meza. Aliporudi alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alikusanya stakabadhi za majirani, Wakristo na Waislamu, akazitia katika vibuyu vidogo na kuviziba kwa nta ya nyuki ili mchwa na mvua visiingie. Kila kibuyu alikifunga ushanga ambao mwenyewe angeutambua, maana wengi hawakujua kusoma. Siku ya kodi alitandika ngozi ya mbuzi barazani, na aliyedaiwa mara ya pili alifunguliwa kibuyu chake. Hakupokea malipo, hata yai.

Karani alimchukia. Mwaka 1933 alimshitaki kwamba vibuyu vile ni vya uchawi. "Wewe mama, nani amekupa kazi hii?" akamwuliza mbele ya watu.

"Mume wangu," Luciana akajibu. "Alikufa kwa kuikosa."

Vibuyu kumi na tisa vilivunjwa barazani siku ile, na ndani yake hazikuonekana ila karatasi za serikali yenyewe, kavu. Bibi mmoja akapaza sauti, "Karani, dawa hiyo si umeiandika wewe?" Watu wakacheka, hata Bwana Shauri, mkuu wa boma, akageuza uso. Luciana hakucheka. Aliokota karatasi moja moja, akaenda kutafuta vibuyu vingine.

Tena alipata kujua kwamba sheria iliwasamehe kodi wazee na wagonjwa, ila mwenye shida alipaswa kuisema mwenyewe mbele ya Bwana Shauri. Basi kila mwaka aliwaongoza kwenda bomani, vilema juu ya punda, akiwapikia uji njiani. Alikuwa na sharti moja gumu: hakumtia mtu maneno kinywani. Aliandika yale tu aliyoyasikia, na asiyeweza kusema alimngoja.

Msalaba wake mkubwa ulikuwa nyumbani. Macho ya mkwewe Antipasi yalikuwa yanazimika, naye akijifanya anaona. Kila mwaka aliuza mbuzi alipe kodi, mpaka mbuzi wakaisha, na kilichobaki kilikuwa barabara ile ile iliyomwua mwanawe. Mkamwana wa Kinyaturu hamtajii mkwe udhaifu wa mwili wake, ni aibu kubwa. Kwa hiyo Luciana alifunga punda mmoja zaidi mlangoni kwake, bila neno. Mzee akampapasa punda, akasema, "Mpelekeeni mgonjwa." Akafanya hivyo mwaka wa pili, na wa tatu. Mara zote tatu Luciana alimlipia kwa mtama wake mwenyewe, akalala njaa, akiomba Mungu amfungue mzee kinywa.

Machi 1938, akirudi kutoka bomani katika mvua, alishikwa na kichomi. Alimwita Theresia, mjane ambaye yeye Luciana alimfundisha kusoma, akamwambia, "Usimsemee mtu. Kaa naye mpaka aseme." Akafariki siku ya tatu. Wiki ile ile dari ya tembe yake ilianguka, na vibuyu vikatolewa chini ya udongo vizima vyote. Wengine husema ni nta. Waumini wanajua walichokiona.

Tumwige basi: tutunze karatasi ya jirani kama yetu, na tuwe na subira na mwenye aibu.

Kodi ya mwaka uliofuata Bwana Shauri aliikusanya Mtinko penyewe. Theresia alikaa juu ya ngozi, kalamu mkononi. Jina la Antipasi likaitwa. Karani akauliza, "Mzee, unalipa au unakwenda barabarani?" Theresia akauma midomo asimsemee. Mzee akasogea mbele akipapasa njia kwa fimbo, akafungua kinywa. Jina lake lilifutwa katika daftari la kodi siku ile ile, na maneno yake Theresia aliyaandika kama yalivyotoka:

"Bwana, sioni. Hata wewe nakusikia tu. Nguvu zangu zimekwisha, na mwanangu mlikwisha kumchukua. Miaka mitatu nataka kusema, naona haya. Naomba mnisamehe kodi."