Mwonjaji wa Jiko la Swaumu

Wanaosoma blogu ya "Jiko la Swaumu" wanadhani yule mwonjaji anayetajwa mle ni utani. Si utani. Alikuwa kaka yangu Swalehe, mume wa Swaumu, mtu wa hapahapa Bungu. Aliendesha malori miaka na miaka, mpaka ugonjwa wa sukari ulipomla mguu, wakaukata.

Swaumu ni wifi yangu, na simpambi: mkate wa mchele kama wake sijauona. Anasaga mchele na tui, anaumua, anamimina kwenye sufuria, anapalia makaa juu ya mfuniko. Ukiiva anaupiga picha kwa simu, anaandika alivyoupika, na watu wa Dar mpaka Maskati wanamsifu. Ila tangu augue homa ile kali, ulimi wake umekufa. Umpe asali, umpe shubiri, kwake sawa. Basi nani awe anamwonjea? Mgonjwa wa sukari! Dunia hii ina mambo.

Daktari kule Utete alisema mbele yetu sote: ukiendelea na vitu vitamu, mguu wa pili utaufuata wa kwanza. Swaumu akataka kuifunga blogu siku ileile. Kaka akakataa katakata.

"Nitaonja kama mnavyoonja futari mchana wa Ramadhani," alisema. "Ncha ya ulimi tu, halafu natema."

Akawekewa kopo tupu la maziwa la kutemea kando ya kiti chake. Na kila Swaumu alipoandika alimalizia naye: mwonjaji anasema iliki imezidi, mwonjaji anasema leo nimepatia. Kaka akisomewa hayo alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Kazi nyingine hakuwa nayo tena.

Siku moja nimekwenda kuwafulia, nikalichukua lile kopo nikalimwage. Kavu! Hata tone, na buibui katanda humo ndani. Nikamfuata palepale uani.

"Swalehe, mate yako unayatemea wapi?"

Akainamisha kichwa. "Dada, nimekatwa mguu. Unataka nikatwe na ulimi?"

"Ebo! Unajiua, na mwenzio anakuandika kwenye simu?"

Nilipaza sauti makusudi, Swaumu asikie. Ningenyamaza? Aka, mie sina kifua cha kuweka mambo ya namna hiyo. Swaumu akatoka jikoni, mikono imejaa unga, akalitazama kopo, akamtazama mumewe. Hakumgombeza. Akauchukua mchele wote aliokwisha kuusaga, akawamwagia kuku. Toka siku hiyo hakuoka tena.

Kaka akawa mtu wa kugeukia ukuta. Uji usio na sukari anakunywa, dawa anameza, ukimsemesha anaitikia tu basi. Wasomaji wakawa wanauliza: mwonjaji anasemaje siku hizi? Swaumu hakuwajibu. Mie nikajipa moyo kwamba bora anune, mradi yupo. Masika yalipokwisha, mguu wa pili ukaoza vilevile, na safari hii hakurudi kutoka hospitali. Roho iliniuma, na inaniuma mpaka leo. Tulimnyima, na bado tukamkosa.

Siku ya arobaini yake Swaumu alisema mkate ataoka mwenyewe. Nikamwacha. Hitma ilipokwisha tukautoa kwenye masinia, umeumuka vizuri, unanukia iliki nyumba nzima. Nikatia kipande mdomoni. Hauna sukari, hata punje. Alisahau kuitia. Nikaangaza macho: wanawake wote wanatafuna kimya, hakuna anayeinua uso. Swaumu akaja akachuchumaa mbele yangu, wala si mbele ya mwingine, maana anajua mie kumbembeleza mtu siwezi.

"Wifi, sukari imekolea?"

"Imekolea," nikamwambia, nikachukua kipande kingine.