Damu ya Farasi Aliyekimbizwa

Usiku ule nililala nimemnunia kila mtu, hata mke wangu. Majibu ya maabara yalikuwa yamefika: damu ya Tausi, farasi jike wetu, haina tatizo lolote. Bosi wangu, Bwana Kessy, akafurahi, akasema asubuhi Tausi abebe wageni kupanda mlima, siku nne. Damu ile niliitoa mimi. Na Tausi niliyemwacha bandani jioni alikuwa hoi, kichwa chini, hata karoti hataki.

Basi usingizi ukanichukua, nikamwona Mama Anaeli. Huyu ndiye aliyenifundisha kuwatoa farasi damu. Tulimzika mwaka juzi. Alikuwa bandani na koti lake la kazini, anageuza kichupa cha damu polepole, juu chini, juu chini, kama anabembeleza mtoto. Ukikitikisa kichupa mbele yake, utajuta kuzaliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa, wewe Joeli. Nani anakupikia?"

Jamani, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sauti ile nilikuwa nimeikumbuka mno.

Mara banda halipo, tuko jikoni kwake, na Tausi yumo humo humo katikati ya masufuria, wala hatushangai. Mama anakiviringisha kichupa kwenye kitambaa, anakilaza kwenye kisanduku cha baridi, kisigusane na barafu. Mimi nimeshika sindano. Nina haraka, ndiyo kawaida yangu.

"Mama, tumtoe kingine basi, gari la maabara linaondoka."

"Kaa."

Nakaa juu ya ndoo. Tunakaa sana. Mama ameweka kiganja ubavuni mwa Tausi, anasikiliza moyo ukitulia. Kisha anamfunua mdomo wa juu, nami naona ufizi wake: mweupe, mweupe kabisa.

"Ulimkimbiza," anasema.

Eh! Nilimkimbiza, ndiyo. Siku ile Tausi alikataa kushikwa, nikamfukuza uwanja mzima huku natukana, nikamkamata anahema, nikamchoma sindano pale pale. Na nilijua. Mama mwenyewe alinifundisha kwamba farasi ana akiba ya damu kwenye bandama. Akikimbia au akiogopa, akiba ile inamwagika mishipani, na hata aliyepungukiwa damu anaonekana mzima. Unamwacha atulie saa nzima, hata zaidi, ndipo unamtoa damu. Mimi sikungoja. Halafu nikanyamaza, kwa kuogopa kufukuzwa kazi.

Nikaanza kulia pale kwenye ndoo, mtu mzima na ndevu zangu. Nilingoja anifokee. Badala yake akanifuta pua kwa ncha ya kitenge, na mkono wake ulikuwa wa moto kabisa.

"Hata mimi nilikosea, mwanangu. Ila nilisema kosa langu farasi akiwa bado hai." Akampapasa Tausi shingoni. "Huyu akipanda mlima, hashuki."

Nikaamka. Kulikuwa kumeshakucha, na mke wangu ananiuliza nalia nini. Nilitoka peku mpaka bandani, nikamkuta Bwana Kessy anamkaza Tausi mkanda wa tandiko, huku anapiga mluzi.

"Mfungue, bosi," nikasema. "Damu ile niliitoa vibaya. Na nilijua."