Barua Aliyoisoma Mwenyewe

Mama Pasi nilimkuta katika chumba cha kufulia cha hospitali miaka kumi na tisa iliyopita, na jina lake hilo alikuwa nalo tayari, kwa jinsi alivyokuwa hodari wa kupiga pasi. Kusoma hakujua. Mashuka aliyatambua kwa uzi: mwekundu wodi ya wazazi, buluu chumba cha upasuaji, yasiyo na uzi ya watoto. Hakuwahi kukosea hata siku moja, na mimi mwenye cheti changu nimekosea mara nyingi tu. Barua zake zote, za kazini na za nyumbani, nilimsomea mimi.

Kisha serikali ikaleta mpango. Mashine mpya zina maandishi, tukaambiwa, kwa hiyo kila mfuaji awe na cheti cha kusoma na kuhesabu. Asiyefaulu mtihani mkataba wake hauongezwi. Mpango wenyewe si mbaya, sisemi. Lakini darasa lilikuwa stoo, katikati ya maboksi ya sabuni, watu wameshasimama kutwa nzima, na mwalimu ana kitabu kimoja cha wanafunzi kumi na wanne.

"Mdogo wangu, hii ng'o ya ng'ombe itaniua," aliniambia siku moja, tukacheka mpaka machozi. Lakini alikuwa haachi. Alisoma makopo ya dawa, alisoma milango ya vyoo, alisoma saa ya mashine. Hiyo saa ndiyo iliyomfurahisha kuliko yote. "Ona, mbili, halafu sifuri na sifuri. Tumetoka kula, tunarudi kazini." Kweli, kila siku saa nane mchana, mashine iliandika 2:00.

Barua ya mtihani ilipokuja, nilinyoosha mkono kama kawaida. Akaikumbatia kifuani.

"Hii naisoma mwenyewe."

Kusema kweli nilinuna. Mtu mzima mimi, nikanuna, na kwa kununa huko hata sikumuuliza imeandikwa nini.

Ijumaa alipewa ruhusa. Asubuhi nilipiga pasi peke yangu huku nikimwombea. Kumbe wakati huo yuko kwake, ananyoosha gauni lake. Alifika ofisi ya elimu saa saba na nusu mchana, amewahi, penseli mbili mkononi. Mlinzi akamwambia mtihani ulikwisha tangu saa nne.

Jioni alinipa barua. "Mtihani utafanyika Ijumaa, saa 2:00." Neno asubuhi hawakuandika, wakidhani kila mtu atajua. Na wenzake kweli walijua, maana waliwapa watoto wao wawasomee, mtoto akatamka "saa mbili", basi. Yeye peke yake ndiye aliyesoma namba kama saa ya mashine ilivyomfundisha. Ningeisoma mimi, angefika. Jambo hilo limenikaa moyoni mpaka leo na sijui nitalipeleka wapi.

Tulikwenda sote wawili kwa msimamizi wetu wa kazi. Alitukaribisha viti, akatusikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma. Majina yameshapelekwa juu, akasema, na mtihani mwingine ni mwakani. Mkataba wa Mama Pasi ulikuwa unaisha mwezi uleule.

"Mwambie nilifika," akaniambia mimi, kana kwamba msimamizi hasikii. "Mwambie nilikuja na penseli."

Nikamwambia. Msimamizi akatazama mezani.

Jumatatu orodha ilibandikwa ukutani, karibu na mlango wetu. Nilitaka kumzuia, lakini alinitangulia. Akaweka kidole kwenye jina lake, akakisogeza polepole mpaka mwisho wa mstari.

"Ha-ku-fi-ka," akasoma. Akanigeukia. "Ndivyo ilivyoandikwa, mdogo wangu?"

"Ndivyo, dada. Umesoma vizuri."