Koti la Mzee Milia

Wageni wa hifadhi walimcheka, na hata wewe ungecheka: mtu mzima, ndevu nyeupe, kavaa koti refu la mistari myeusi na myeupe, chupa ya maziwa mkononi, mtoto wa punda milia anamfuata nyuma! Wenzake wakambandika jina la Mzee Milia, likamganda. Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa wanyama waliofiwa na mama zao, na koti lile halikuwa mchezo. Kila mlezi aliyeingia zizini alivaa hilohilo, ili yatima azoee mistari, asizoee sura ya mtu. Mnyama aliyezoea watu hadumu porini.

Basi mtoto akazoea koti. Aliyeshindwa ni mlezi. Miezi kumi aliamka alfajiri kwa ajili yake, akampimia maziwa, akisuguliwa magoti na kile kipua chenye joto. Siku ya kumwachia porini alirudi nyumbani, chakula hakukigusa.

"Ndiyo kusema unamlilia punda, baba watoto?" mkewe alimtania. Koti lenyewe alilishona yeye.

"Namlilia," alijibu, wala hakuona aibu.

Wiki tatu hazijaisha, uzalendo ukamshinda. Akalivaa koti, akaenda kusimama kando ya barabara ya hifadhi, amwone tu. Lo! Yule punda milia aliacha kundi, akaja mbio, akakatiza katikati ya magari ya wageni. Gari moja likamchana paja. Alipona, ila kovu lilibaki, na Mzee Milia alijilaumu mpaka akakonda.

Tangu hapo, miaka minne, hakulivaa tena nje ya zizi. Na wageni akawawia mkali kama pilipili. "Kaa mbali naye hatua hamsini! Hamsini, si arobaini na tisa! Unataka picha, au unataka agongwe?"

Siku yake ya mwisho kazini kabla ya kustaafu, alimwomba dereva ampeleke mbugani. Koti alikuwa amelikunja kwenye mfuko.

"Nataka anijue," alisema. "Mara moja tu, basi. Nimemmiss mno yule, we acha tu."

Wakamkuta. Kovu lile pajani, na ubavuni ana mtoto wake mwenyewe, miguu mirefu kama fito. Mzee Milia alitoa kichwa dirishani. Mkono ulishaingia mfukoni, umelishika koti. Angelitoa tu, mama angekuja mbio, na mtoto angejifunza njia ileile ya kufuata magari. Mzee alilijua hilo, na mkono haukutaka kuachia.

"Livae basi, mzee," dereva alimhimiza. "Hapa nani atakuona?"

"Yule mdogo ataniona."

Akapiga moyo konde, akauachia mfuko. Punda milia akainua kichwa, akamtazama usoni, uso ule ambao hakuwahi kufundishwa kuujua. Akakoroma, akapiga kwato chini, akamsukuma mtoto wake, wakatimua mbio hadi ng'ambo ya kundi.

Mzee Milia alilia palepale, machozi yakimshuka ndevuni.

"Amenikimbia," alisema.

"Pole sana, mzee wangu."

"Pole ya nini? Rudisha gari nyuma. Tumewasogelea mno."